Urefu Hauibwi

Kwenye mwimo wa mlango wa jikoni
watoto wangu wanne wamesimama kwa penseli:
Endovo wa darasa la pili, Endovo wa la sita,
pacha walioshindana hadi wakanuniana,
na Kageha, kitinda mimba, aliyenyanyua visigino
tukamwambia, "Teremka. Urefu hauibwi."

Sasa ni mimi ninayepimwa hapo.
Vidole vya mkono wa kulia vinapanda ubao
kama siafu aliyebeba punje.
Hatua, pumzi. Hatua, uchungu.
Dada wa mazoezi kule Kisumu alisema,
"Mama, kila siku kidole kimoja zaidi,"
kana kwamba kidole ni kitu kidogo.

Juma la kwanza nilimfikia Kageha wa chekechea.

Nilitembea uani na chupa kiunoni
na mrija wake uliotoka kwapani,
ikijaa maji mekundu, kisha ya waridi,
kisha ya strungi nyepesi.
Majirani walisalimia uso wangu kwa bidii,
uso tu.

Nimefundisha vitawe miaka kumi na tisa:
kaa, paa, mbuzi, ziwa.
Tunga sentensi mbili kuonyesha maana tofauti.
Wavulana wa nyuma hucheka,
wasichana huinamia madaftari.
Asubuhi ya kupasuliwa, dirishani mwa wodi,
liliniangalia lile la maji,
pana, la kijivu, limejaa magugu.
Nilikuwa na sentensi zote mbili.
Jioni nikabaki na moja.

Kuna swali nililichelewesha.
Makondo ya watoto wangu wote
yalizikwa migombani, nyuma ya nyumba.
Kitovu cha Endovo najua kilipo, ndizi zake ni tamu.
Lakini hili lililowanyonyesha wanne,
hili aliloling'ata Kageha
siku jino lake la kwanza lilipochomoza,
mmeliweka wapi?
"Maabara," alisema muuguzi,
akaendelea kukunja shuka.
Maabara.
Hakuna mgomba huko.

Asava hulala upande wa ukutani siku hizi.
Si chuki. Ni mtu anayeogopa kuvunja kikombe.
Usiku mmoja akauliza gizani, "Linauma?"
"Halipo," nikasema, "lakini linawasha."
Akanyamaza kitambo.
Kisha akanyoosha kidole, akakuna hewa,
pale pale, pole pole,
na mbele ya Mungu siwezi kusema uongo,
nilisikia nafuu.

Wifi yangu Minayo alinifumia jingine la uzi,
akalijaza wimbi ili liwe na uzito.
Jumapili jogoo akanifuata hadi langoni mwa kanisa,
nikacheka mpaka mshono ukanikaripia.
Nyumbani nikalivua, nikaliweka mezani,
nikalitazama likiwa limekaa kimya
kama mgeni asiyejua ataondoka lini.
Ndipo nililia. Si hospitalini, si bafuni.
Hapo, mbele ya kifuko cha wimbi.

Muhula wa pili nilirudi shule.
Tarehe naiandika katikati ya ubao,
mkono haujafika juu.
Vugutsa, ambaye hakosi neno, akasimama:
"Mwalimu, leo tarehe iko chini."
"Imechoka," nikamwambia. "Imekaa kidogo."
Akaketi, akainakili daftarini mwake
katikati ya ukurasa.

Leo nimempita Kageha wa darasa la nne.
Asava ndiye aliyeshika penseli.
"Visigino chini," akasema, "urefu hauibwi,"
akachora mstari, akapuliza vumbi,
akaandika jina langu la usichana, Mideva,
ambalo sijalisikia nyumba hii tangu harusi.

Kamba ya nguo bado iko juu.
Mvua ya saa kumi inanguruma huko Maragoli,
na Kageha, aliyenipita kichwa kizima,
anakimbia kuzianua.